Beseni la Préfet

Nilianza kumwonea wivu Préfet kwa sababu ya beseni. Lilikuwa beseni la bati, la rangi ya buluu, limebanduka rangi pembeni. Kila asubuhi, ukungu ukiwa haujaondoka bondeni kwetu Butembo, alikuwa ameinama juu yake anafua. Mwanamume mzima, mkuu wa shule ya sekondari, mzee wa kanisa, mikono ya shati imekunjwa na povu limempanda mpaka kwenye saa! Mke wake yupo, mzima, ana mikono miwili. Akimaliza anakung'uta kikwembe cha mkewe mara tatu, anakianika mbele ya nyumba na kukinyoosha kingo kwa vidole, polepole, kama anayesahihisha daftari. Mimi nilikuwa nayatazama yote hayo kutoka dirishani, mguu juu ya cherehani, na nyuma yangu mume wangu, Baba Masika, anakoroma.

Siku moja nikamwamsha.

"Baba Masika, amuka uone Préfet anafanya nini."

"Anafanya nini?"

"Anafua nguo ya bibi yake."

"Eko mugonjwa?"

"Hapana. Eko na mapendo."

"Basi umuambie akuje achukue na zangu," akasema, akageukia ukutani.

Nasema mapema, ili mtu asije akadhani nataka kujitetea: kwa ajili ya beseni lile nilimpotezea mtu jina lake, na nusura nimpotezee kitu kikubwa kuliko jina.

Walikuwa wametoka Beni vita vilipoanza, juu ya lori la mbao, na magodoro yao na vitabu vyake ndani ya gunia la kahawa. Walipanga nyumba iliyotazamana na yangu, nyumba ya matofali yenye chumba cha peke yake nyuma, tulichokiita anekse. Kila mtu alimwita Préfet, hata mkewe. Wavulana wao walikuwa Paluku, Kambale na Kakule. Walitembea wamenyooka, wakisalimu kila mtu, na wakikaribia nyumbani walipiga mluzi wa wimbo wa kanisa, sauti tatu zikipishana vizuri. Nilisema moyoni: na muziki pia Mungu amewapa. Mtoto wangu wa kike alikuwa akiingia nyumbani na kelele za njaa.

Kofia yake aliivua kwa kila mtu. Kwa mchungaji aliivua, na kwa mama wa kuuza sombe, majani ya muhogo, mwenye miguu ya matope aliivua vilevile, akaishika kifuani. "Mama Masika, mulilala muzuri?" Aliniuliza hivyo kila siku ya Mungu, na alingoja jibu. Mwanamume niliyelala naye kitanda kimoja hakuwahi kuniuliza nimelalaje. Kuna asubuhi nilijibu kwa ukali, "Nililala," nikafunga dirisha, halafu nikakaa nyuma ya pazia na hasira yangu, bila kujua namkasirikia nani.

Alikuwa na neno lake moja ambalo wanafunzi wake walilirudia mtaa mzima. Ukimwambia tutaonana kesho, au mwezi ujao tutapanda maharagwe, yeye alisema: "Hiyo uandike na crayon." Crayon ni penseli, na maana yake ni kwamba vita vina kifutio. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka mbele yake, kisha nikirudi ndani nasema, angalia huyo, hata maneno yake ni ya mtu aliyeshiba.

Maana walikula! Watu watano, na kila jioni Kakule alipita na mikate miwili. Siku ya soko la Musienene mkewe, Mama Paluku, alirudi na viazi vya kulisha harusi. Wakati wa chakula walifungua redio kwa nguvu kiasi kwamba sisi wa ng'ambo ya barabara tulipata habari zote za dunia bila kununua betri. Mwalimu ambaye shuleni alitoa mtoto nje kwa kuangusha rula! Nilimwambia Baba Masika, wenye mali hawaogopi kupiga kelele.

Kulikuwa na mambo mengine yake ambayo hayakukaa pamoja. Hakumvumilia mtu aliyechelewa, lakini kila Jumapili yeye mwenyewe alitoka kanisani kabla ya sala ya mwisho. Alipenda mazungumzo kuliko chakula, ila hakumkaribisha mtu ndani. Ukimtembelea, viti vinaletwa nje, hata kama manyunyu yanaanza. Siku za salongo, Jumamosi asubuhi, mtaa mzima tukitoka na majembe kusafisha barabara na mifereji, yeye alifanya kazi ya watu wawili, lakini ua wake wa majani hakuruhusu mtu auguse. Aliukata mwenyewe, na uzi wa kupimia, na aliuacha uwe mrefu kuliko nyua zote. Nikaona ni kiburi, eti sisi hatufai hata kuona majani yake.

Mimi nilikuwa mshonaji wa mkewe. Nilimjua Mama Paluku kwa utepe wa kupimia: mabega membamba, kiuno cha msichana baada ya uzazi wote ule, na hilo nalo liliniudhi. Alikuja na kikwembe cha manjano chenye ndege, nimshonee libaya, yaani blauzi, na sketi.

"Mama Masika, uache kitambaa mingi kidogo mu mishono," akasema. "Siku moja nitanona."

"Wewe njo utanona? Na ile bahati yako, ungekuwa umeshanona."

"Bahati gani?"

"Bwana anakufulia!"

Nilikuwa na pini mdomoni, nimepiga magoti kwenye pindo, sikuuona uso wake vizuri. Akasema, "Ndiyo. Ananisaidia." Nikajua anaringa. Mwenye nacho anaweza kusema kwa sauti ndogo.

Basi siku moja ya katikati ya juma, Préfet yuko shuleni, wavulana wako shuleni, Mama Paluku nimemwona kwa macho yangu akipita na kikapu kwenda soko, nikasikia mtu anakohoa ndani ya anekse. Kikohozi kimoja, kimebanwa na kitambaa. Niliacha cherehani. Kesho yake nikamwona Préfet nyuma ya nyumba, pale ambapo ua ulikuwa na nafasi ndogo, anapitisha sahani iliyofunikwa kwenye dirisha la anekse, na anasema kitu kwa upole, kichwa kimeinama.

Nilifurahi. Siwezi kutumia neno lingine. Ilikuwa kama kuvua kiatu kinachobana. Kumbe! Huyo mwenye beseni, mwenye kofia, mwenye mulilala-muzuri, amefuga mwanamke nyuma ya mgongo wa mkewe, ndani ya ua mmoja! Nikamwangalia Baba Masika siku hiyo akila na mdomo wazi, nikamwongezea mboga.

Neno la namna hiyo halikai tumboni. Baada ya mazoezi ya kwaya nilimvuta Mama Diacre pembeni. Huyu ni mke wa shemasi wetu, na anasikilizwa.

"Mama Diacre, mimi sipendake kusema batu."

"Sema tu."

"Préfet eko na mwanamuke mu anekse."

"Yesu wangu! Ulimuona?"

"Nilimusikia anakohoa."

"Kikohozi ya mwanamuke?"

"Ya mwanamuke," nikasema. Hata sijui kikohozi cha mwanamke kinatofautianaje.

Wakati huo askari walikuwa wameweka kizuizi juu ya barabara yetu. Walikuwa wakitafuta vijana waliowachukua vijijini na shuleni kwa nguvu, kisha vijana hao wakawatoroka. Kila mtu alijua kwamba kijana aliyekamatwa harudishwi kazini. Anapigwa risasi mbele ya wenzake ili wasimwige. Mimi nililijua hilo kama kila mtu. Lakini mimi nilisema mwanamke. Neno langu lilitoka kwa Mama Diacre, likapita kanisani, likapita kisimani, likapanda barabara, na lilipofika kwenye kizuizi sehemu ya mwanamke ilikuwa imedondoka njiani. Kilichobaki ni kwamba Préfet anaficha mtu.

Askari walikuja Jumamosi, katikati ya salongo. Sote tuko barabarani na majembe, Préfet yuko ndani ya mfereji, suruali imekunjwa, ametapakaa matope. Walikuwa sita, na kamanda wao kijana mwenye miwani ya jua.

"Préfet, banasema unaficha mutu mu nyumba yako."

Préfet alipanda kutoka mferejini. Alivua kofia, akaishika kifuani kama kawaida. Akatutazama sote, mmoja mmoja: wanafunzi wake, wazazi wao, Mama Diacre, mimi.

"Ndiyo, Commandant," akasema.

"Nani?"

Akajibu kwa sauti ya darasani, ile ya kumfikia mtoto wa mstari wa mwisho, ikapita ua na kuingia mpaka jikoni kwake.

"Niko na mwanamuke. Niko na deuxième bureau. Eko mu anekse, na Mama Paluku hakukuwa anajua. Leo njo anajua."

Hakuna jembe lililogusa udongo. Mzee mmoja alitema mate. Kamanda alicheka mpaka akavua miwani, akawageukia wenzake kwa Kilingala: "Préfet mobimba! Azali na deuxième bureau!" Yaani Préfet mzima ana nyumba ndogo! Halafu akasema, "Basi atoke tumuone, ule muzuri."

"Commandant, niko na haya mbele ya batu. Unipe dakika kidogo."

Walimpa dakika, ili wamcheke vizuri. Walimzunguka wakimuuliza maswali ambayo siwezi kuyaandika, na yeye aliyajibu yote, taratibu, moja baada ya jingine, mwalimu wa watoto wetu, mbele ya watoto wetu. Mimi nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nilisimama na jembe langu nikingoja ile raha ya juzi irudi.

Ndipo tukasikia Mama Paluku anapiga yowe ndani. Sufuria zikaanguka. Mlango wa ua ukafunguka kwa kishindo, na mtu akatoka mbio, kichwa na uso vimefunikwa kwa kikwembe, na nyuma yake Mama Paluku na ufagio, anampiga mgongoni kweli kweli. "Malaya! Mu nyumba yangu! Na unavaa mpaka nguo yangu! Toka! Toka!" Mwanamke aliyekuwa hajawahi kupandisha sauti.

Alipita hatua mbili kutoka niliposimama. Ndege wa manjano. Ile ilikuwa libaya yangu. Mishono imefumuliwa kwa haraka, kile kitambaa nilichokiacha kimetolewa chote, na bado mabega yalikuwa yameijaza. Nimepima wanawake wa Butembo maisha yangu yote. Hakuna mwanamke aliyejenga mabega vile. Nikashusha macho nikaona miguu: miguu mikubwa, mipya, ya mtu ambaye bado anakua, na juu ya kifundo alama nyeusi ya mviringo, mahali ambapo buti lisilo na soksi lilikula ngozi.

Paluku, Kambale, Kakule.

Kwetu jina linahesabu. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa nne ni Kakule. Miaka yote ile niliyaita majina hayo matatu barabarani, na sikujiuliza hata siku moja yule wa tatu, Kasereka, yuko wapi. Wengine labda walijiuliza, wakafikiri alikufa mdogo, na jambo kama hilo mtu haulizi. Mimi sikufikiri hata hivyo. Nilikuwa nahesabu mikate.

"Mwanamuke gani iko na miguu vile?" Ni askari mmoja, aliyekuwa karibu yangu. Hakuwa anacheka tena. Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa mbele.

"Ni ba Lubero," nikasema. "Balimaji ya viazi. Bote beko vile."

Wenzake wakaangua kicheko upya, naye akacheka. Mama Paluku alikuwa ameshamfukuza mtu wake mpaka chini, kwenye mikaratusi ya mtoni, na ufagio wake ulikuwa bado unapanda na kushuka. Hatukumwona tena yule mwenye libaya. Askari waliingia ndani ya anekse, wakakuta mkeka, sahani na nusu ya mkate. Waliondoka na redio na kuku wawili.

Sikulala vizuri kwa muda, hilo naweza kusema. Lakini sikusema kitu, na mwanzoni kunyamaza kulikuwa ndiyo haki: neno moja lingemrudisha Kasereka mikononi mwao. Kanisa lilimwondoa Préfet kwenye uzee na kumnyima meza ya Bwana. Shule, kwa kuwa ni ya kanisa, ilimpata mkuu mwingine. Akaenda kufundisha darasa la pili huko Kalunguta, analala huko juma zima, anarudi Jumamosi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliendelea kunivulia kofia. Watoto walimwimbia nyimbo za deuxième bureau, naye akapita tu. Na kina mama wa kwaya walikwenda kumfariji Mama Paluku kila Alhamisi, wakimwambia avumilie, wanaume ndivyo walivyo. Alikuwa akiwapikia chai na kusema asante.

Baba Masika ndiye aliyefurahi zaidi. "Njo ule ulikuwa unanisifia kila siku?" Akaanza kunibembeleza kwa maneno, akanunua hata shati jipya. Nami, niseme ukweli, nilianza kumwona kuwa si mbaya. Nyumba yangu ilipata amani juu ya jina la mtu mwingine.

Vita vikaisha, au tuseme vile vikaisha. Askari wa kizuizi walienda zao. Hakukuwa na mtu tena wa kumtafuta Kasereka. Siku hiyo ningeweza kutoka nje na kusema kwa sauti: watu wa Mungu, mwanamke hakuwepo. Nilikuwa na mdomo, na hamjawahi kuuona ukishindwa. Nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu akirudi kuwa mtu mzuri, mimi ningerudi dirishani.

Mama Paluku akafa. Tulimwimbia. Mama Diacre alisimama kando ya jeneza akasema huyu dada alibeba msalaba wa ndoa bila kulalamika, na watu waliguna na kumtazama Préfet aliyekaa pembeni, kofia magotini. Nilikuwa mstari wa mbele wa kwaya. Niliimba beti zote.

Baada ya hapo alihamia Beni, nami sikumwona tena mpaka binti yangu Masika, aliyeolewa huko, alipojifungua, nikaenda kumpikia uji. Njia ya kwenda sokoni ilipita mbele ya karakana ya seremala. Siku ya tatu nikaona beseni la buluu. Lilikuwa kwenye benchi, limebanduka karibu lote, na mzee mwenye mikono iliyokunjwa alikuwa anafua shati lake mwenyewe.

"Mama Masika," akasema, akatafuta kofia kichwani, haikuwepo, akaweka mkono kifuani hivyohivyo. "Mulilala muzuri?"

Ndani ya karakana mwanamume mpana alikuwa anapiga randa mbao. Aliinua kichwa akanisalimu, akaendelea na kazi. Sikuhitaji utepe.

"Njo Kasereka," Préfet akasema. "Njo eko."

Alinipa kigoda. Nje, kama zamani. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumpa pole kwa mkewe, lakini yakatoka mengine.

"Préfet, ile habari ya mwanamuke, ni mimi nilianzisha."

"Najua," akasema. "Nilijua tangu juma ile. Na ile uongo njo ilinipa cha kujibu. Halafu nikakusikia unasema ni ba Lubero. Hapo njo nilishindwa kabisa kukuelewa." Alikamua mkono wa shati. "Miaka yote nilitaka tu kukuuliza. Tulikufanyia nini?"

Nilitazama lile beseni.

"Ulikuwa unafua," nikasema. "Ulikuwa unafulia Mama Paluku, na mimi hapana mutu alinifulia."

Akatupa macho ndani ya karakana na kushusha sauti.

"Mama Masika, mutoto alirudi kwetu anakojoa ku kitanda. Kila usiku, na sauti ya kulia. Alikuwa na haya, hakupenda mama yake aone. Basi mimi nikachukua beseni. Ya Mama Paluku nilikuwa naanika mbele, njo batu baone ile. Ya mutoto ilikuwa nyuma. Na nilikuwa sijui kufua. Mama Paluku alikuwa ananigombeza kila siku juu ya sabuni."

Nililia. Yeye hakulia, alinisubiri tu nimalize, kama mwalimu anayemngoja mtoto wa mwisho.

"Nitasema ku bamama," nikamwambia. "Alhamisi, ku kwaya. Nitasema yote."

"Mimi nimezeeka, jina yangu inaweza kubakia vile. Lakini Mama Paluku bamuzike tena muzuri, na maneno ya kweli." Akanyoosha kidole chenye povu. "Hiyo uandike na bic, ile haifutike."

Nilirudi Butembo na Alhamisi nikasimama mbele yao. Nilisema yote: kikohozi, libaya, miguu, majina, beseni. Nilipomaliza walikuwa kimya, na mimi nikadhani ni kimya cha toba. Mama Diacre akakunja kitabu chake cha nyimbo.

"Mama Masika," akasema kwa upole kabisa, "ile kikohozi ni wewe ulituambia ni ya mwanamuke, na leo unasema ni ya mutoto. Tukamate gani? Sisi bote tulikuwa tunajua ulikuwa unamutaka ule mwanaume."

Wengine wakatazama chini. Nilifungua mdomo nikane, na sikuweza, kwa sababu hilo nalo lilikuwa kweli.